Kipande Kipya

Mwaka jana mpwa wangu alitoka hapa Kerenge kwenda mjini kusailiwa kazi ya ukarani. Vyeti vyake havikuguswa. Aliulizwa juu ya picha yake ya Facebook, amevaa fulana ya chama cha siasa. Kazi hakuipata.

Watetezi wa mtindo huu husema aliyeanika picha hadharani asilalamike ikitazamwa. Na itazamwe! Lakini kutazama si kuhukumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, yakataza kumbagua mtu kwa siasa, dini, ujauzito au ndoa, na humlinda hata mwombaji kazi. Hayo ndiyo hasa yanayofichuliwa na picha. Mwajiri asiyethubutu kumwuliza binti kama ana mimba, huchungulia kurasa zake akapata jibu bila kuuliza.

Wazee waliokata mkonge huku Korogwe wanalijua neno kipande, kadi ya kuhesabia siku za kazi. Katika Kenya ya mkoloni kipande kilivaliwa shingoni, na humo mwajiri aliweza kuandika tabia ya mtu. Kilichukiwa mno. Walakini aliyekivaa alijua anacho. Mpwa wangu angalau aliulizwa. Wengi hunyimwa kazi wasijue kilichosomwa, wala wasipate nafasi ya kujibu.

Anayetaka karani ampe daftari alijaze, aone mwandiko na hesabu zake. Fulana haijazi daftari.