Wivu wa Ross si mapenzi

“Asiye na wivu hapendi.” Usemi huu nimeusikia harusini, saluni na hata kwenye daladala, na kila nikibisha natolewa mfano uleule: Ross na Rachel wa Friends. Jamaa kaungua miaka 10, naambiwa, na mwisho kampata.

Haya, tuitazame kesi yenyewe. Tamthilia hiyo ya vichekesho ilianza NBC Septemba 1994 ikaisha Mei 2004: marafiki vijana sita wa New York wanaoshinda pamoja, wanaokopeshana na kuvurugiana mapenzi. Msimu wa tatu, Rachel, aliyeanza kwa uhudumu wa mkahawani bila kuuweza, anapata kazi ya mitindo Bloomingdale's kwa msaada wa kijana aitwaye Mark. Ndoto yake imetimia. Na Ross? Anamjazia maua ofisini. Anatuma waimbaji wanne wakamwimbie mbele ya wenzake, Mark ajue kwamba mali ina mwenyewe. Siku ya kutimiza mwaka wa uchumba wao Rachel amezidiwa na kazi, haachi simu. Ross anaingia bila kuitwa na kapu la chakula, anaandaa mezani pake.

Nasi tunacheka. Friends ilirekodiwa studio, mbele ya watazamaji, na kicheko chao ndicho wakili wa Ross. Kizime. Kisha msimulie shangazi yako kisa hicho kikavu kikavu, kwamba kuna mwanamume anamwandama binti yake kazini. Atakuuliza mjumbe ameshaambiwa au bado.

Mashabiki hadi leo wanabishana iwapo Ross alipolala na mwanamke mwingine walikuwa wameachana au la. Ubishi huo mimi siutaki. Penzi lilishafia ofisini, kabla ya usiku ule.

Najibiwa kwamba bila wivu hadithi isingenoga. Mbona ya Monica na Chandler, wengine wawili wa wale sita, ilinoga? Waandishi walipanga usiku wao wa London, mwaka 1998, uwe wa kupita tu. Watazamaji studioni wakashangilia hadi mpango ukabadilika, wawili hao wakaishia kuoana. Si kwamba Chandler hana wivu. Richard, mpenzi wa zamani wa Monica, humkosesha raha kabisa. Lakini hamfuati mkewe jikoni kazini kumlinda. Wivu wake anaubeba mwenyewe.

Sehemu ya mwisho, iliyotazamwa na Wamarekani zaidi ya milioni 50, inamkuta Rachel akielekea Paris, kazi ya Louis Vuitton ikimngoja. Ross, ambaye awali alishamwendea kwa siri bosi wa zamani wa Rachel ili Rachel abakizwe New York, anamfuata hadi uwanja wa ndege. Rachel anashuka kwenye ndege, anarudi kwake. Kuhusu kazi, hakuna anayeuliza. Wakiwa wamekumbatiana Ross anatania juu ya kule kuachana kwa msimu wa tatu. Rachel anamwambia asilete mzaha sasa. Watazamaji wanacheka.