Kilo 50 za korosho ili ukipige mtandaoni? Hapana

KWENYE vijiwe vya Masasi na Newala ubishi wa Simba na Yanga hauishi. Lakini siku hizi kuna ubishi mwingine umejitafutia nafasi, hasa jioni kwenye mabanda ya gemu. Mmoja anasema bila kulipia kifurushi cha mtandao, PlayStation yako ni nusu mashine. Mwingine anamjibu kwamba hela ya kumpa Sony kila mwezi hana, yeye anacheza eFootball ya bure na wapinzani anawapata vilevile.

Wote wana hoja. Ila huyo wa kwanza ameshazoea kitu ambacho hakikupaswa kuzoeleka.

Hesabu ni rahisi. Mtu ananunua mashine. Ananunua gemu. Ananunua bando. Ananunua umeme wa Luku. Akishamaliza yote hayo, anafika mlangoni anaambiwa bado kuna hela ya ruhusa ya kucheza na binadamu mwenzake aliye mbali. Ni sawa na shabiki aliyenunua tiketi, akapanda daladala, akakaa kwenye kiti chake, halafu anakuja mtu kumdai hela ya kufumbua macho.

Haikuwa hivi kwa wote tangu mwanzo. Microsoft ndiyo iliyoanza, Novemba 2002, ilipozindua Xbox Live kwa ada ya kama dola 50 kwa mwaka. Sony ilipotoa PlayStation 3 mwaka 2006 iliacha watu wakutane mtandaoni bure, na mashabiki wake walitamba nalo hilo mbele ya wenzao wa Xbox. Mambo yakageuka Novemba 2013. PlayStation 4 ilipotoka, gemu nyingi za kushindana mtandaoni zikawa hazifunguki bila PlayStation Plus. Septemba 2018 Nintendo nayo ikaanza kutoza. Kampuni zote tatu kubwa zikawa zimesimama kwenye geti, zinachana tiketi.

Na tiketi inapanda bei. Septemba 2023 Sony iliongeza kifurushi cha chini cha mwaka kutoka dola 59.99 hadi 79.99. Kwa dola ya wakati ule, hiyo ni kama Sh200,000.

Kwa mtu wa Mtwara, hela hiyo inaeleweka vizuri zaidi ikipimwa kwa korosho. Msimu wa 2024/25 ulipofunguliwa Oktoba, bei mnadani ilivuka Sh4,000 kwa kilo na wakulima wakachekelea. Kwa bei hiyo nzuri, kabla ya makato yoyote, kifurushi kimoja cha mwaka kinakula kilo 50. Hizo ni korosho zilizopuliziwa dawa, zikaokotwa moja moja chini ya mti, zikaanikwa, zikapelekwa chama cha msingi, zikasubiri mnada. Zote ziishie kwenye ruhusa ya kucheza mpira ambao gemu yake imeshalipiwa? Hapana.

Tena bei ni nusu ya msala. Nusu nyingine ni kwamba geti lenyewe halimjui Mtanzania.

Anayefungua akaunti ya PlayStation anatakiwa kuchagua nchi anayoishi. Tanzania haimo. Kusini mwa Sahara iliyomo ni Afrika Kusini peke yake. Kwa hiyo kijana wa Masasi ambaye hajawahi kuvuka hata Mto Ruvuma anajikuta mkazi wa Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, na anwani ya mtaa asioujua. Duka la nchi hiyo linataka njia ya malipo ya nchi hiyo, na kadi ya benki ya hapa mara nyingi inakataliwa. Anabaki kununua kadi za vocha za dola kwa watu wa kati, ambao nao wanaweka cha juu. Kilo 50 zinakuwa kilo 60. Siku akaunti ikipata shida, ataanzaje kulalamika wakati kwenye karatasi yeye ni mtu wa ng'ambo?

Dunia ililiona tatizo hili Mei 2024. Sony ilitangaza kwamba wanaocheza Helldivers 2 kwenye kompyuta lazima waunganishe akaunti ya PlayStation. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi na maeneo 177, kwa sababu huko akaunti hizo hazifunguliwi kihalali. Wachezaji wakaja juu, na ndani ya siku chache Sony ikarudi nyuma. Kelele zilifanya kazi, lakini hazikuiingiza Tanzania kwenye orodha.

Wanaotetea kulipia wana mambo yao matatu, na ni haki wasikilizwe.

La kwanza ni seva. Wanasema mtandao una gharama na lazima mtu alipe. Ni kweli una gharama. Lakini mechi za EA Sports FC zinachezwa kwenye seva za EA, si za Sony. Isitoshe, tangu FIFA 23 mwenye PlayStation 5 anaweza kukutana na mwenye kompyuta kwenye mechi moja. Mpira ni uleule, dakika ni zilezile, seva ni ileile. Mwenye kompyuta hakulipa ada ya geti, mwenye PlayStation amelipa. Kama ada ni ya seva, mbona mmoja anaingia bure?

La pili ni usalama. Hapa wana kumbukumbu nzito. Aprili 2011, wakati PlayStation 3 inachezwa mtandaoni bure, wadukuzi waliingia kwenye mtandao wa Sony. Akaunti zipatazo milioni 77 ziliguswa na huduma ikafungwa kwa wiki tatu na zaidi. Wengi husema bure ndiyo iliyoleta yale. Basi waeleze na ya Februari 2025, watu wakiwa wanalipa, mtandao huohuo ulipozimika kwa takriban saa 24. Wateja walipozwa kwa siku tano za nyongeza. Kulipa hakujawa kinga.

La tatu ni gemu za kila mwezi ambazo mwenye kifurushi anapewa bila kuongeza hela. Kwa London ni zawadi. Kwa Newala ni zawadi ya ng'ombe aliyepo Sumbawanga, mfuate mwenyewe. Gemu kubwa za kisasa zinakula makumi ya GB kuzipakua, na mwenye banda anatumia bando la simu. Akizishusha zote, bando litamla kuliko bei ya kifurushi. Asipozishusha, amelipia kitu asichokigusa.

Upande wa pili nao usijidanganye. Bure ina meno.

Mtu wa Newala hahitaji kufundishwa hili. Mji wake upo juu, kwenye ukingo wa uwanda wa Makonde, na maji yapo chini mabondeni. Maji ya bondeni hayana bei, lakini ndoo ikifika juu ina bei. Ndiyo maana tangu enzi za mkoloni kumekuwa na mradi wa kuyasukuma kupanda mlima. Wanaoishi pale wanajua tofauti ya kitu cha bure na kitu kinachofika.

Gemu ya bure iko vilevile. eFootball imekuwa ya bure tangu Septemba 2021, Konami ilipoachana na jina la PES, na kwenye PlayStation haimdai mchezaji kifurushi ili akutane na mwenzake. Lakini masasisho yake yanataka bando. Humo ndani kuna sarafu za kununua, na za kuwatafutia wachezaji nyota kwa kubahatisha. Kijana anaweka jero, anaweka buku, anapata beki asiyemjua, anaweka tena. Ugonjwa huu haupo kwenye gemu za bure tu. FIFA yenyewe, gemu ya kununua, iliuza pakiti za aina hiyo mpaka Ubelgiji ikasema mwaka 2018 kwamba ni kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza pointi zake nchini humo. Kwa hiyo anayelipa geti anaweza kukutana na kamari humo ndani vilevile.

Hapo ndipo mzani unapoinama. Gemu ya bure inamwachia mchezaji uamuzi. Asiyetaka sarafu hanunui, anakomaa na kikosi chake cha kawaida na anapanda kwa vidole vyake. Geti la kulipia halimpi nafasi hiyo. Hujalipa, huchezi.

Kwa mtu wa mpira, hili ni jambo la ngazi. Soka la nyasini lina ngazi inayoanza wilayani. Timu inaanza ligi ya wilaya, inaenda ya mkoa, inapanda hadi inafika juu. Ndanda FC, yenye jina la Ndanda ya Masasi, ilipanda hivyo mpaka ikacheza Ligi Kuu msimu wa 2014/15, na Simba na Yanga wakalazimika kufunga safari hadi Nangwanda Sijaona. Hakuna aliyewaambia Wana Kuchele kwamba Mtwara haimo kwenye orodha.

Ngazi ya gemu inaanzia mtandaoni. Huko ndiko alama zinakopatikana, mchujo unakofanyika na majina yanakoonekana. Kijana anayewapiga wote Newala kwa miaka miwili anabaki bingwa wa banda kwa sababu ngazi ya kwanza ipo nyuma ya geti lisilomjua. Kipaji chake hakijapimwa, kimezuiwa mlangoni.

Mlango ukiwa wazi, ramani inabadilika. Desemba 2024, kwenye Kombe la Dunia la FIFAe lililochezwa Riyadh kwa eFootball, ubingwa wa upande wa konsoli ulikwenda Indonesia, iliyoifunga Brazil fainali. Indonesia haijawahi kucheza Kombe la Dunia la nyasini kwa jina lake. Kuna mengi nyuma ya ushindi ule, lakini gemu ilikuwa ya bure, na hiyo ina maana kwa nchi ambazo vijana wake wengi hawana dola 80 za kuchezea.

Microsoft yenyewe imeonja hasira za watu. Januari 22, 2021 ilitangaza bei mpya za Xbox Live Gold ambazo kwa anayelipa mwaka zilikuwa sawa na kuongezewa mara mbili. Siku hiyohiyo ikafuta kauli. Miezi mitatu baadaye ikaondoa ada kwenye gemu zote za bure. Dunia haikuanguka, Xbox haikufa. Kama ada inaweza kuondolewa kwenye gemu ya bure, inaweza kuondolewa kwenye gemu ambayo mtu ameilipia. Wauze gemu za ziada, wauze hifadhi, wauze vikorombwezo vyote wanavyotaka. Kukutana uwanjani kuwe bure.

Hilo la Sony litachukua muda. Yapo yanayoweza kufanyika hapa nyumbani bila kusubiri Tokyo.

Anayeandaa mashindano ya gemu nchini, awe TFF, kampuni ya simu au mdhamini wa kinywaji, asiweke mchujo nyuma ya kifurushi cha kulipia. Akifanya hivyo atakuwa ametafuta bingwa wa wenye kadi za benki, halafu amwite bingwa wa Tanzania. Mchujo uanzie kwenye mabanda ya wilayani. Teknolojia yake ipo tangu zamani na haidai bando: pedi mbili, televisheni moja, waamuzi wawili na daftari. Kucheza ubavu kwa ubavu PlayStation haimtozi mtu ada.

Mwenye banda naye apige hesabu zake. Wateja wake wamekaa benchi moja, afungwaye anaachia pedi. Laki mbili ya kifurushi itamletea nini ambacho pedi mpya na betri ya kuvumilia umeme ukikatika havitamletea? Korosho zikishauzwa na hela ikiwa mtaani, ashirikiane na wenzake waandae ligi ya mabanda, nyumbani na ugenini, Masasi wapande Newala na Newala washuke Masasi. Nauli ya safari hiyo ni ndogo kuliko geti la Sony, na haimlazimishi mtu kudanganya anapoishi.

Bingwa atakayepatikana hapo atakuwa amepimwa mbele za watu, kwa jina lake na la mji wake. Akitakiwa kwenda mbele, mtandaoni au Riyadh, hapo ndipo mdhamini alipe kifurushi. Hizo kilo 50 asidaiwe mtoto wa mkulima kabla hajagusa mpira.