Mabuu Wafugwe Shuleni

Ndugu msomaji, najua wapo watakaopindua ukurasa huu wakifika kwenye neno mabuu. Vumilieni kidogo. Sisemi juu ya funza wanaoingia vidoleni. Hao ni wengine kabisa. Nasema juu ya mabuu wa nzi askari mweusi, ambaye wanasayansi humwita Hermetia illucens. Maoni yangu ni kwamba afugwe katika shamba la shule yetu, tena mwaka huu.

Huku kwetu Kiambu karibu kila ploti ina kuku. Mama yangu anafuga wa mayai, na karo yangu hutoka humo. Mwaka wa 2022 bei ya chakula ilipopanda, alilazimika kuuza nusu yao. Chakula peke yake humeza zaidi ya nusu ya gharama za mfugaji, na kilicho ghali humo ni protini: soya, ambayo nyingi huagizwa kutoka nje, na omena wa Ziwa Victoria. Jamani, omena tunagombania na kuku! Mama anamtaka sufuriani, mwenye kiwanda anamtaka kinuni, na mwenye pesa ndiye anayemchukua.

Huku nyuma ya banda kuna rundo la kinyesi na maranda. Mvua ikinyesha, jirani hulalamika, na haki anayo.

Sasa mwangalieni huyu mdudu. Jike hutaga mayai mamia kwenye nyufa zilizo karibu na kitu kinachooza. Baada ya siku nne hivi yanaanguliwa, na penye joto zuri mabuu huweza kuvunwa kwa muda wa wiki mbili au tatu. Wakikaushwa, protini yao hufika kama asilimia 40. Nzi mzima naye haumi mtu wala hakimbilii sahani zetu; huishi siku chache tu, hutaga, hufa. Tena mabuu wake wakijaa kwenye samadi, nzi wa nyumbani hupungua. Mabaki wanayoacha ni mbolea safi ya sukuma wiki.

Rafiki yangu mmoja aliniuliza, "Kwa hivyo kuku atakula mavi yake mwenyewe?" Darasa zima likacheka, lakini swali hilo ni la maana kuliko alivyodhani. Muungano wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu katika chakula cha kuku mwaka wa 2021, lakini wadudu hao hawaruhusiwi kulishwa kinyesi. Kinyesi cha kuku huweza kuwa na bakteria wa Salmonella, na mabuu hawa wana tabia ya kukusanya madini mabaya kama kadimi mwilini. Anayekwambia tupa tu kinyesi, vuna mabuu, lisha kuku, huyo anakuuzia mbuzi ndani ya gunia.

Kwa hivyo mimi napendekeza masanduku mawili. La kwanza ni la maganda ya viazi, kabichi zilizooza sokoni na ugali uliobaki jikoni; mabuu wa humo wachemshwe, wakaushwe, walishwe kuku. La pili ni la kinyesi, na kazi ya mabuu wake iwe kupunguza rundo na kutengeneza mbolea, basi. Ugumu upo, sikatai. Kinyesi tunacho tele lakini maganda hayatoshi kuku wengi, kwa hivyo itabidi mtu aende sokoni na mkokoteni kila jioni. Sisi wa shule ya kutwa tunapita hapo sokoni tukirudi nyumbani!

Ati ni mchezo wa watoto? Pale Kasarani, Nairobi, watafiti wa ICIPE wamemchunguza nzi huyu kwa miaka mingi, na mwaka wa 2017 Shirika la Viwango la Kenya lilitoa kiwango cha wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo.

Muhula uliopita tuliomba nafasi ya sanduku moja tu nyuma ya stoo. Tukajibiwa kwamba shule haiwezi kufuga nzi. Mbona inafuga ng'ombe, na nzi wa zizini hawahesabiki? Mjomba wangu seremala ameahidi mbao za bure, na wavu tumeshachanga. Walimu wetu wapendwa, tunangoja kibali tu.