Kupunguza kilo: rejime kali haitatuponya, sahani ya jamaa inaweza

Kila siku, kwenye simu za wakaaji wa Goma, Bukavu, Butembo, Bunia hadi Lubumbashi, matangazo ya kupunguza tumbo yanapita: chai ya siku saba, vidonge, unga wa kukoroga na maji, karatasi ya rejime inayokataza bugali, ndizi, mihogo na mafuta kwa mara moja. Na katika maduka hayohayo ya dawa, vidonge vingine vinauzwa kwa kunenepesha watu. Katikati ya kelele hizo mbili kuna mama ama baba ambaye munganga amemwambia: «Tansio yako iko juu, upunguze kilo.» Anarudi nyumbani na neno hilo moja tu. Hakuelezwa aanze wapi.

Msimamo wetu ni huu: kwa walio wengi kati yetu, rejime kali na kuhesabu kila kijiko cha chakula si njia inayodumu. Inayodumu ni mabadiliko madogo katika chungu ambacho jamaa yote inakulia, yakifuatwa miaka na miaka. Kuna watu wanaohitaji rejime kali, na tutawasema hapa chini. Lakini hao wanaifanya mkononi mwa munganga, si mkononi mwa muuzaji wa chai.

Wengine watauliza: mnazungumzaje kuhusu kupunguza kilo katika inchi yenye njaa? Swali ni la haki. Mwaka 2024, zaidi ya watu milioni 25 katika Jamuhuri ya Kidemokrasia ya Congo walihesabiwa kuwa na shida kubwa ya chakula, na vita vya mashariki ni sababu moja kubwa. Lakini njaa na kilo nyingi haviishi katika inchi mbili tofauti. Vinaweza kukaa katika mtaa mmoja, hata nyumba moja. Mtu aliyeacha shamba na kukimbilia mjini anakaa dukani ama kwenye pikipiki kutwa nzima, na chakula kinachomshibisha kwa bei ndogo ni kipande kikubwa cha bugali, mafuta, mandazi na chai yenye sukari nyingi. Kwa hiyo kitambi si mara zote alama ya utajiri. Kinaweza kuwa alama ya kukosa chaguo.

Sasa, utafiti unasema nini? Tuanze na kitu ambacho watu wa huku hawahitaji kufundishwa: njaa. Mwezi wa 11 mwaka 1944, katika chuo kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtaalamu Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 waliojitolea, ili ijulikane namna ya kuwasaidia watu wa Ulaya walioumizwa na njaa ya vita. Kwa miezi sita walikula karibu nusu ya kawaida yao: viazi, mkate, makaroni. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini pia walipoteza furaha, walisikia baridi, waliwaza na kuota chakula usiku na mchana. Walipofunguliwa walikula kupita kiasi, na mafuta ya mwili yalirudi hata kupita yale ya mwanzo.

Hapo ndipo kuna fundisho. Mwili hautofautishi kati ya njaa ya vita na njaa ya rejime. Ukiona chakula kinapungua ghafula, unajilinda: unatumia nguvu kidogo, na unaamsha hamu ya kula. Wachunguzi wa Melbourne, Australia, walionyesha mwaka 2011 kwamba mwaka mzima baada ya watu kupunguza kilo kwa rejime kali, homoni za njaa zilikuwa bado juu kuliko mwanzo. Basi mtu anayerudisha kilo baada ya miezi miwili ya mateso si mvivu, wala hana roho dhaifu. Mwili wake umefanya kazi uliyoumbiwa.

Je, inawezekana kupunguza bila kuhesabu? Mwaka 2018, chuo kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya utafiti wa watu wazima 609 uliodumu mwaka mmoja. Kundi moja lilipunguza mafuta, lingine lilipunguza wanga. Hakuna aliyelazimishwa kuhesabu kalori. Wote waliambiwa jambo moja: ongezeni mboga, acheni sukari na unga mweupe, pikeni chakula halisi, na wakakutana mara kwa mara na washauri. Baada ya mwaka, kundi la kwanza lilikuwa limepunguza kilo 5.3 kwa wastani, la pili kilo 6.0. Tofauti hiyo wataalamu wanaiona si kitu. Ila ndani ya kila kundi tofauti ilikuwa kubwa sana: kuna aliyepunguza kilo karibu 30, na kuna aliyeongeza kilo karibu 10. Maana yake hakuna karatasi moja ya rejime inayofaa kila mtu, hata ikiuzwa bei gani.

Na vyombo vya kupimia, vile vya kuvaa mkononi vinavyohesabu hatua? Mwaka 2016, chuo kikuu cha Pittsburgh kilifuata vijana 471 kwa miaka miwili. Wote walipata mafundisho ya kula na ya mazoezi. Waliovalishwa chombo walipunguza kilo 3.5, wale wasiovalishwa kilo 5.9. Mashine haikuongeza kitu. Pesa ya kununua saa ya namna hiyo ingenunua lengalenga na maharagi ya siku nyingi.

Jambo la tatu linatuhusu zaidi. Mwaka 2019, mtafiti Kevin Hall huko Marekani aliwaweka watu 20 chini ya uangalizi. Kwa wiki mbili walikula vyakula vya kiwandani, wiki mbili nyingine vyakula visivyopita kiwandani, na kila mmoja aliruhusiwa kula mpaka ashibe. Walipokuwa kwa vyakula vya kiwandani, walikula kalori karibu 500 zaidi kila siku bila kujua, na wakaongeza karibu kilo moja. Kwa vyakula vingine walipunguza kiasi hichohicho. Hakuna aliyeambiwa ajinyime. Kilichobadilika ni aina ya chakula.

Hapa sisi tuna bahati ambayo hatuioni. Soko la Kadutu mjini Bukavu ama soko la Virunga mjini Goma bado yana sombe, lengalenga, matembele, maharagi, sambaza, ndagala, parachichi na maboga. Shida inaingia pale tunapoanza kuona vyakula hivyo kama vya maskini, na kuweka biskuti, soseji na vinywaji vya sukari mezani kama alama ya heshima kwa wageni.

Tuwe wa kweli pia kwa upande wa pili. Rejime kali inaweza kuponya. Huko Uingereza, utafiti uliotolewa mwaka 2017 uliwachukua watu 298 wenye ugonjwa wa sukari wa aina ya pili. Nusu yao walikula kalori kati ya 825 na 853 tu kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka, 46 kwa mia ya hao hawakuwa tena na dalili za ugonjwa katika vipimo, bila dawa. Ni matokeo makubwa. Lakini dawa zao zilisimamiwa na wauguzi na waganga, na walifuatwa mwezi kwa mwezi. Mtu wa Uvira anayemeza vidonge vya sukari ama kujidunga insulini, akianza kufunga kula peke yake, anaweza kuanguka na kufa kwa sababu sukari imeshuka mno.

Vilevile, kuandika na kupima si ujinga. Marekani, mwaka 2002, utafiti wa watu 3,234 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari ulionyesha kwamba lengo la kupunguza sehemu 7 kwa mia ya uzito, pamoja na dakika 150 za kutembea kila wiki, lilipunguza hatari ya ugonjwa huo kwa 58 kwa mia. Watu hao waliandika walichokula, na kila mmoja alikuwa na mtu wa kumfuata. Kinachosaidia ni kujitazama mara kwa mara kwa utulivu, na kuwa na mtu wa kukusindikiza. Kinachoharibu ni kugeuza kila mlo kuwa mtihani.

Hesabu pia lengo lenyewe. Kwa mtu wa kilo 90, sehemu 7 kwa mia ni kilo 6 na kidogo. Si lazima arudie mwili wa siku ya arusi yake. Kilo hizo chache zinatosha kupunguza hatari ya sukari, na kusaidia tansio.

Basi tuanze wapi? Tuanze na sukari ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isipite gramu 25 kwa siku, yaani vijiko vidogo sita, kwa mtu anayetaka faida kamili. Chupa ndogo moja ya kinywaji cha sukari ina karibu gramu 35. Kuiacha na kunywa maji hakuhitaji daftari wala programu ya simu. Pombe nayo inahesabika, chupa kwa chupa.

Kisha mafuta. Kijiko kikubwa kimoja kina kalori karibu 120, yawe mawese ama mafuta ya kopo. Mama anayepika sombe anaweza kupima mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kwa macho. Halafu bugali: hatusemi muiache. Tunasema mboga na maharagi vichukue nusu ya sahani, bugali ichukue robo, na samaki ama nyama robo. Na baba asile sahani yake peke yake. Kama jamaa inakula chungu kimoja, mabadiliko ya mtu mmoja hayatadumu, na mzigo wote utamwangukia mama anayepika mara mbili.

Mwendo pia. Mama anayebeba mzigo kutoka shamba hahitaji kuambiwa afanye mazoezi. Tunawaambia wa ofisini, wa dukani na wa kwenye magari: tembeeni nusu saa kwa siku, kwa saa na njia zilizo salama.

Na kama huna mizani, chukua kamba yenye urefu wako, uikunje mara mbili, uizungushe kiunoni. Ikishindwa kufika, tumbo lako limepita kiasi, nenda upimwe tansio na sukari. Rudia kila mwezi. Hiyo inatosha.

Tunajua jambo lingine linalozuia watu. Huku kwetu, aliyekonda anaulizwa: «Una shida gani?» Wengine wananong'ona kuhusu ukimwi. Mke akikonda, bwana anaambiwa hamtunzi. Maneno hayo yanawarudisha watu kwenye kilo ambazo zinawaua, na yanawapeleka vijana wa kike kumeza deksametazoni na siproheptadini ili wanenepe. Dawa ya kwanza inapandisha sukari na tansio, na kuiacha ghafula baada ya kuitumia muda mrefu ni hatari. Hata hivyo, anayekonda bila kutafuta, na hasa anayekohoa ama kukojoa mara nyingi, aende kupimwa haraka. Inaweza kuwa kifua kikuu ama sukari yenyewe.

Chai za kupunguza tumbo nazo zisitudanganye. Nyingi zina majani ya kuharisha. Mtu anapoteza maji, mizani inashuka siku mbili, mafuta yanabaki palepale.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. Kwanza, kila kituo cha afya kipime uzito na tansio ya kila mtu mzima anayeingia, hata kama amekuja kwa malaria, na muuguzi atumie dakika tano kumweleza sahani yake. «Upunguze kilo» si matibabu. Pili, ACOREP na wakaguzi wa madawa katika majimbo wafuate vidonge vya kunenepesha na vya kukondesha vinavyouzwa bila karatasi ya munganga, pamoja na wale wanaovitangaza. Tatu, makanisa, misikiti na vyama vya wamama, ambavyo watu wanavisikiliza kuliko serikali, vianze na karamu zao wenyewe: maji mezani, mboga kwenye sahani.

Mtu mwenye tansio hahitaji kuteswa kwa siku saba. Anahitaji chakula anachoweza kula leo, kesho na miaka kumi ijayo, pamoja na watu wake. Anayemuuzia kitu kingine, amuulize kwanza: nikimaliza hiki, nitakula nini?