Betri mbovu: andika kabla hujauza

Ndugu msomaji, hebu hesabu betri zilizokufa hapo kijijini kwako. Ya sola iliyochoka, ya pikipiki, ya trekta, na zile za kijana anayechaji simu za watu. Zamani zilikaa nyuma ya nyumba tu. Siku hizi wanunuzi wa vyuma chakavu wanazitafuta kwa kilo, na ukiuza unapata ya sukari. Biashara hiyo siipingi. Ninachopinga ni kuifanya kimyakimya.

Zaidi ya nusu ya uzito wa betri ya maji ni madini ya risasi. Ndiyo anayoyafuata mnunuzi. Kwa sheria zetu hiyo ni taka hatarishi. Kanuni za mwaka 2021 zinamtaka anayekusanya, kusafirisha, kuhifadhi au kupeleka nje ya nchi awe na kibali, kinachoombwa kupitia NEMC, na atunze kumbukumbu za mzigo wake. Wa kupeleka nje ana kazi zaidi: chini ya Mkataba wa Basel, nchi inayopokea lazima ikubali kwanza kwa maandishi, na mzigo uende na hati zake.

Wengi mnasema hayo ni ya matajiri wa Dar es Salaam. Mimi naona taarifa ya tajiri huyo inaanzia kwenye mizani yako. Kama wewe wa Sikonge au Kaliua hukuandika kitu, yeye ataandika anachotaka, na betri iliyopasuliwa njiani haitaonekana popote. Pembe za ndovu zilipita hapa Tabora zikitoka Ujiji kwenda Bagamoyo, na wafanyabiashara walijua mzigo ni wa nani na unakwenda kwa nani. Betri ina madhara kuliko pembe, halafu tunaiacha ipite bila hata jina!

Angalia yaliyotokea Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi kando ya nyumba za watu kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Watoto wakakutwa na risasi kwenye damu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, rufaa ikafuata, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikawapa wakazi haki yao. NEMA, mamlaka ya mazingira ya huko, nayo ilibeba sehemu ya lawama. Ndiyo maana nasema karatasi peke yake haitoshi, lazima kuwe na mtu wa kuisoma.

Risasi haiozi. Ukimwaga maji ya betri karibu na kisima au bustani ya mchicha, tindikali inaunguza udongo, na risasi inabaki pale miaka na miaka. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu inadumaza ubongo wake.

Basi nunua daftari la kawaida. Andika tarehe, idadi, kilo, uliyenunua kwake, uliyemuuzia, namba ya gari na namba ya kibali chake. Akikataa kuonyesha kibali, usimpe mzigo hata akiongeza bei. Betri zisimame wima chini ya paa, mbali na watoto na chakula. Usizipasue, wala usimwage maji yake ili zibebeke kirahisi.

Serikali nayo isimwachie mchuuzi wa betri 6 safari ya kwenda mjini kufuata fomu. Daftari hilo lipokelewe kwa mtendaji wa kata, naye alifikishe kwa ofisa mazingira wa halmashauri kila baada ya miezi mitatu. Ushuru wa mazao tunaukusanya hadi kwenye gulio la kijiji. Hili linatushinda nini? Diwani wako akiitisha mkutano, muulize.