Kumheshimu marehemu ni kusema kilichomuua

Sisi watu wa mashimo tuko na desturi moja tunayoiita heshima. Shimo likifunga watu, tunatoa maiti kama inawezekana, PDG ananunua sanduku na sukari ya matanga, tunaimba usiku mbili, halafu midomo inafungwa. Ukiuliza mbao ziliwekwa namna gani kule chini, unaambiwa: wacha, usitukane marehemu. Ukiuliza tena, unaambiwa ni mapenzi ya Mungu, ao ni jirani mwenye wivu. Mara ya tatu hakuna anayeuliza.

Leo tunataka kuzungumza juu ya watu wengine wanaokufa kazini: marubani. Msione ni mbali na sisi. RN27 na RN4 zikifungwa na bunduki, mwenye makuta anapanda kandege kadogo pale uwanja wa Bunia, na kila mmoja anajua sala anayoomba kabla ya mlango kufungwa. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya uliweka mashirika ya ndege ya Congo katika orodha yake nyeusi. Sisi hatuna orodha, tunapanda tu. Tarehe 24 Novemba 2019, kule Goma, ndege ya Busy Bee iliyokuwa inakwenda Beni iliangukia nyumba za watu mara tu baada ya kuruka. Watu zaidi ya 20 walikufa, pamoja na wale waliokuwa wamekaa kwao hawana safari yoyote. Kabla moshi haujaisha, barabarani kila mtu alikuwa na jibu lake: ni mizigo, ni injini, ni rubani. Marehemu hana mdomo wa kujibu.

Kati ya marubani kuna kikundi kimoja ambacho hatari ndiyo kazi yao yenyewe. Ni wale wa michezo ya angani, wanaogeuza ndege kichwa chini mbele ya watu. Hapa kwetu hawako. Tunaona wenzao wa Patrouille de France kwenye televisheni kila tarehe 14 Julai, wakipita juu ya Paris na moshi wa buluu, nyeupe na nyekundu. Ni watu wachache, wanajuana, wanakula pamoja, na mmoja akifa wanaobaki wanajua majina ya watoto wake. Kama ekipi ya shimo. Ndiyo maana tuliona vizuri kuangalia wanafanya nini mwenzao akianguka, na yote waliyofanya si mazuri.

Tarehe 6 Septemba 1952, kule Farnborough, Uingereza, ndege ya rubani John Derry ilivunjika hewani mbele ya umati. Alikufa yeye, mwenzake aliyekuwa naye ndani, na watu 29 waliokuja kutazama. Wakaondoa mabaki kwenye njia, halafu rubani mwingine, Neville Duke, akapanda ndege yake na onyesho likaendelea siku ile ile. Waziri Mkuu Churchill mwenyewe akamwandikia barua ya kumsifu. Hatumkatalii Duke uhodari wake. Lakini sisi tunaijua ile heshima ya kurudi kazini wakati damu haijakauka. PDG wetu anaipenda sana, juu haimkati hata siku moja. (Na rubani, yeye angalau anaweka tumbo lake mahali pamoja na abiria. PDG anabaki juu kwenye kiti cha plastiki.)

Kilichosaidia hasa kilikuja nyuma ya barua ile. Waingereza walikaza masharti: ndege ya michezo isielekezwe kwa watu, na kuwe na umbali ambao rubani haruhusiwi kuuvuka hata akiwa bingwa namna gani. Zaidi ya miaka 60 ikapita bila mtu mwingine aliyekuja kutazama kuuawa na ndege ya maonyesho katika nchi ile. Sharti lile lilitoka kwa wafu wa Farnborough, na kila rubani aliyefuata alilikuta tayari limeandikwa.

Halafu ikaja Shoreham, tarehe 22 Agosti 2015. Ndege ya zamani ya vita, Hawker Hunter, ilipanda kufanya duara, ikageuka kichwa chini kule juu, ikashuka, nafasi ikakosekana. Ilipiga barabara kubwa iliyo pembeni ya uwanja. Watu 11 walikufa. Rubani alitoka mzima, ameumia sana.

Hapa ndipo tunapoomba wasomaji wetu wasikilize kwa masikio mawili. Mwaka mmoja mbele, 2014, kule Southport, rubani huyo huyo alikuwa kwenye onyesho na ndege ingine. Msimamizi wa onyesho akaona hapana, akamwambia kwa redio asimamishe. Kwa marubani wale, neno hilo likitamkwa halina mjadala wa angani: unaacha, unashuka, mnaongea chini. Aliacha. Na mwaka uliofuata alikuwa bado na ruhusa yake ya kuruka. Hatusemi kwamba Southport ndiyo iliyoleta Shoreham, hatuna haki hiyo. Tunasema neno lilikuwepo, na msimamizi alikuwa na haki ya kulitamka kwa rubani mwenye miaka mingi ya kazi bila kuitwa mtovu wa adabu. Katika shimo letu, nani ana haki hiyo? Kadogo wa miaka kumi na nane anayepitisha mifuko, akisikia mawe yanalia, anaweza kumwambia mzee wa galeri "simama"? Ataambiwa ni mwoga, na jioni sehemu yake ya mchanga itapungua.

Baada ya Shoreham meza zilikuwa mbili, hazikuchanganywa. Meza moja ni ya wachunguzi wa ajali za ndege. Wao walitoa ripoti Machi 2017 na kuandika mambo wazi: ndege iliingia katika duara na mwendo mdogo, ikafika juu kwenye futi 2,700 hivi wakati ilitakiwa futi 3,500, na hatari ya barabara ile haikupimwa sawasawa na waliopanga onyesho. Meza ya pili ni ya mahakama. Machi 2019 jopo la raia lilimwachilia rubani kwa mashtaka yote 11. Familia za marehemu ziliumia, na sisi tunawaelewa. Lakini ripoti haikufutwa na hukumu, na hukumu haikuandikwa na ripoti.

Kuna jambo moja zaidi ambalo lilitushangaza. Polisi waliomba wapewe maneno ambayo rubani aliwaambia wachunguzi. Septemba 2016 Mahakama Kuu ya London ilikataa. Video wapewe, maneno hapana. Sababu yake mchimbaji yeyote anaielewa: mtu akijua kila anachosema kitamfunga, hatasema, na kesho mwingine atakufa kwa kitu kile kile. Hii si huruma ya Wazungu. Ni kanuni ya dunia nzima iliyojengwa juu ya mkataba wa Chicago wa 1944, ambamo nchi yetu pia imo: ajali ya ndege inachunguzwa kwa kuzuia ingine, si kwa kutafuta wa kumlaumu.

Kwetu sisi, waliopona ndio wa kwanza kukimbia. Wanaogopa polisi, wanaogopa familia ya marehemu, wanaogopa kulipishwa. Wanahamia site ingine usiku. Miezi mitatu baadaye ekipi mpya inafungua mlima ule ule kutoka upande mwingine, na hakuna hata mmoja anayejua maji yalitokea wapi. Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, mvua ilijaza mashimo ya dhahabu na gavana akatangaza wafu 50. Nani huku Mongbwalu, Nizi ao Kobu alipewa kusoma hata ukurasa mmoja unaosema mashimo yale yalikuwa yameungana namna gani kule chini? Mvua ya Djugu si dogo kuliko ya Kivu.

Basi sendika yetu inaomba vitu viwili, na havihitaji mashine. Kwanza, kila koperativi iwe na daftari. Shimo likiua, waliopona wakae chini kabla matanga hayajaisha, pamoja na mtu wa SAEMAPE, waseme walichoona, na maneno hayo yasipelekwe kwa polisi wala kwa PDG kwa kutoza mtu. Polisi wafanye uchunguzi wao pembeni, kama kule. Pili, neno "simama" liwe la kila mtu aliye shimoni. Likitamkwa, wote wanapanda, na sehemu ya siku ile inagawanywa kama kawaida.

Tayari PDG mmoja ametujibu kwamba wavivu watasema "simama" kila siku saa nne na mafuta ya pompa yatakuwa yamechomwa bure. Tunakubali swali lake. Tumemwambia ajaribu mwezi mmoja, daftari liandikwe nani alisema na kwa nini, halafu tuhesabu pamoja. Bado hajajibu. Koperativi itakayokubali kuanza, daftari na kalamu tutanunua sisi.