Njaa Haihitaji Mchochezi

Kila mara wafanyakazi wanapogoma, wenye mamlaka huuliza: ni nani aliyewachochea? Swali hilo ni kongwe, na jibu lake limo katika historia yetu.

Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandari, wa reli na wa majumbani, waligoma kwa siku 12. Bei ya vyakula na kodi za nyumba zilikuwa zimepanda tangu wakati wa vita, huku ujira ukibaki nyuma. Serikali ya kikoloni ilimkamata kiongozi wao, Chege Kibachia, mwezi wa Agosti, ikamweka kizuizini Kabarnet. Je, dhiki nayo ilitiwa kizuizini? Hasha! Tarehe 15 Mei 1950 walikamatwa Makhan Singh na Fred Kubai. Siku ya pili yake Nairobi ikagoma. Makhan Singh, aliyetamka waziwazi kwamba yeye ni mkomunisti, hakuachiliwa hadi 1961.

Ndugu wananchi, siasa kali hazizuki hewani. Mtu aliyefungiwa mlango wa chama halali na wa mahakama ya haki atamfuata yeyote anayeitaja njaa yake. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, hakuwakemea wavunaji waliolia. Aliwakemea waliozuia ujira wao.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa mfanyakazi haki ya malipo ya haki na ya kugoma. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Atakaye amani kazini na aanze na mshahara, si pingu.